Hesabu ya Mapipa

Mkaguzi amekuja kwa gari jeupe la kaunti,
miaka miwili tangu barakoa ya mwisho ikanyagwe topeni,
anauliza yako wapi mapipa sitini ya kunawia mikono
yaliyoshushwa hapa Sindo usiku, saa za kafyu.
Mpokeaji: Randiki, karani wa ghala.
Randiki ni mimi. Sahihi ni yangu,
ile R iliyolalia upande kama mlevi ukutani.
Twende tukahesabu, nikamwambia.

La kwanza liko sokoni, halina maji.
Nyangweso amelipindua, amelikalia,
anapima omena kwa gorogoro.
"Usininyanyue, karani. Mlifunga soko mkaniachia hili.
Omena ikaoza kwenye vyandarua, kunguru wakala wakavimbiwa,
nami nikawa na mikono safi kuliko wote ufuoni,
safi, haina cha kushika."
Baadaye zikaja pesa za kufufua biashara: elfu tano, walitangaza.
Simu yake ilisoma elfu mbili.
"Nikaiuliza simu, nyingine ziko wapi? Ikazima."
Mkaguzi akaandika: lipo.

Manne shuleni, chini ya mifereji ya paa.
Moja kwa mwenye baa, ndani mnachacha kitu
ambacho mimi na mkaguzi tulikubaliana kutokinusa.
Tisa yamepasuka, yameshonwa kwa waya uliopashwa moto.
Mawili yalichukuliwa na ziwa, mwaka uleule lilipopanda
likaingia jikoni kwa watu bila hodi.
"Ziwa halitii sahihi," alisema mkaguzi.
Nikasema, "Lakini lilipokea."

Hakuniuliza habari za ukumbi wa chifu.
Haumo kwenye fomu.
Simu ilitoka Homa Bay saa nne usiku:
toeni viti, wekeni vitanda ishirini.
Vikaja kumi na vinne. Magodoro yakaja siku ya tisa.
Muuguzi Apondi akatandika mikeka ya mafunjo,
akaandika joto la kila mgonjwa kwa chaki ukutani,
na lori la oksijeni lilipokwama Lambwe
mitungi ikaja kwa mtumbwi, imefunikwa turubai,
ikinuka mbuta.
Siku ya kupaka ukumbi rangi, fundi aliuliza: hizi namba nizifute?
Apondi alisimama mlangoni hadi giza likaingia.
Kisha akasema: futa.
Upande wa dirishani rangi imeanza kubambuka.
Thelathini na tisa nukta nne.
Ninaisoma kila nikienda kuchukua barua.

Pipa la arobaini na moja liko kaburini kwa Okomo.
Maafisa waliovaa meupe walimzika alfajiri, dakika kumi na moja,
wakanawa, wakaondoka, wakalisahau.
Mjane wake hulijaza kila asubuhi.
Mazishi aliyatazama akiwa nje ya ua wake mwenyewe, nyuma ya utepe;
sasa yeye ndiye anayeruhusu.
"Naweni kwanza," alituambia.
Mkaguzi akaweka faili chini, akakunja mikono ya shati,
akanawa polepole, hadi viwikoni,
kama tulivyofundishwa.
Hakuandika kitu pale. Niliandika mimi.

Jioni tukafika hamsini na tisa.
Akafunga kalamu, akanitazama.

La sitini liko kwangu,
nyuma ya kibanda alimojitenga mama yangu siku kumi na nne,
akigonga ukuta mara tatu kila kukicha, maana yake: nipo.
Siku ya kumi na mbili aligonga mara mbili.
Pipa nililitoa ghalani bila karatasi.

"Lipo?" aliuliza.
"Lipo."
Akanipa fomu. Nikatia sahihi.
R imelala upande uleule.